Mizinga ya Chelimo

Chelimo aliuona moshi akiwa bado kwenye foleni ya kupima majani ya chai. Ulikuwa moshi mzito wa nyasi mbichi zilizolazimishwa kuwaka, nao ulipanda kutoka bondeni, kule mtoni ambako shamba lake liliishia. Hakungoja zamu yake. Alitua kikapu, akamwambia mwanamke aliyekuwa nyuma yake, "Niangalizie," akateremka mbio, miguu ikiteleza kwenye udongo mwekundu.

Alipofika, mambo yalikuwa yamekwisha. Mzinga wa chini, ambao marehemu mumewe Kipchirchir aliuchonga kwa mkono wake, ulikuwa umeangushwa na kupasuliwa kwa shoka. Masega ya asali yalikuwa yamesombwa na kutiwa kwenye karai. Yale yenye majana, yaani watoto wa nyuki, yalikuwa yametupwa kwenye majivu, na majana yenyewe, meupe na manene, yalikuwa yakikauka juani. Nyuki walitambaa ardhini mabawa yameungua. Kando alisimama shemeji yake, Johana, amejifunika blanketi kichwani, pamoja na wanaume wawili wenye mashoka waliokuwa wakichomoana miiba shingoni.

"Umekuja wakati mzuri," Johana alisema. "Chukua asali yako kidogo uwapelekee watoto."

"Nani amekutuma hapa na moto?"

"Nimekusaidia. Mizinga isiyo na mwanaume ni hatari tu. Ule wa juu tutauondoa siku nyingine, maana leo nyuki wake wametushinda. Halafu tutafyeka hii miti yote tupande chai mpaka kwenye maji."

Hapo Chelimo akaelewa. Kipchirchir alikuwa amepanda chai kama watu wote wa upande ule wa Sotik, lakini ukanda wa miti kando ya mto aliuacha kwa ajili ya nyuki. Baada ya kifo chake Johana alianza kuutazama ukanda ule kama mtu anavyotazama sahani ambayo mwenzake hajaimaliza. Kizuizi kilikuwa mizinga. Mahali penye nyuki wakali, hakuna mtu wa shoka anayesogea.

"Nani alikuambia nataka chai mpaka kwenye maji?" Chelimo aliuliza.

"Shamba la ndugu yangu haliendeshwi kwa matakwa ya mwanamke."

"Basi liendeshwe na ndugu yako. Mfufue uje naye."

Wale wawili wa mashoka walitazama chini. Johana alibeba karai lake, akapanda mlima bila kuaga.

Chelimo alibaki amechuchumaa kwenye majivu. Hakulia. Kilio chake cha mwaka ule alikuwa amekimaliza kaburini. Alichokuwa nacho sasa ni hasira kavu, iliyomtulia tumboni kama jiwe la kusagia. Alianza kupekua masega yaliyoungua, moja baada ya jingine, mpaka akampata malkia. Alikuwa mrefu kuliko wengine, tumbo limechongoka, mabawa mafupi. Alikuwa amekufa.

Mwanamke wa Kipsigis hakupanda miti ya nyuki. Hiyo ilikuwa kazi ya wanaume tangu na tangu. Lakini Kipchirchir alikuwa mtu wa ajabu kidogo: akiwa chini alisema maneno machache, akiwa juu ya mti alisema mengi. Miaka yote ya ndoa yao Chelimo alisimama chini akishika kamba, na mumewe kule juu, kichwa ndani ya moshi, alimpigia kelele kila alichokiona. Leo madume yanafukuzwa, mvua zinaisha. Leo malkia amezeeka, mayai yamekuwa machache. Njoo usikie wanavyolia hawa, mama yao amepotea. Kwa hiyo Chelimo alijua mambo mengi ya nyuki bila kuweka mguu kwenye tawi.

Sasa alisikia sauti ileile. Chini ya nusu ya gogo lililopasuka kulikuwa na nyuki waliosalia, wameshikana miguu na kuning'inia kama kifurushi. Hawakuvuma kama nyuki wenye kazi. Walitoa sauti ndefu, iliyopanda na kushuka, kama watu walio kwenye chumba cha msiba.

Aliziunganisha nusu mbili za gogo, akazifunga kwa kamba za mkonge, akaliegemeza kwenye kivuli. Nyuki waliingia ndani polepole. Huo ndio mwanzo.

Kesho yake alikuja Phelis Nyambeki. Phelis alikuwa Mkisii, mfanyabiashara wa Chepilat, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto. Alikuwa amezoea kununua asali kwa Kipchirchir, na baada ya msiba aliendelea kuja hata wakati asali haikuwapo. Yeye na Chelimo walizungumza Kiswahili, kwa sababu kila mmoja lugha ya mwenzake aliijua ya kusalimia tu.

"Mama Chebet, pole," alisema Phelis alipouona mzinga. "Hao wamekwisha?"

"Bado. Lakini hawana malkia. Hakuna wa kutaga. Hawa unaowaona watazeeka, watakufa mmoja mmoja, na gogo litabaki na buibui."

"Basi hakuna dawa."

"Iko. Wakipata yai changa la mzinga mwingine, wenyewe watatengeneza malkia."

Phelis alimtazama kama anayetaniwa. "Malkia anatengenezwa?"

"Yai ni lilelile, Mama Ogari. La malkia na la kibarua hakuna tofauti. Tofauti ni chakula. Nyuki wana maziwa yao wanayatoa kichwani. Mtoto wakimpa kidogo halafu wamwachishe, atakuwa kibarua wa kuchota maji na kufagia. Wakimlisha hayo bila kumnyima, anakuwa malkia."

"Kumbe!" Phelis alipiga makofi. "Sisi tulinyimwa, basi, mimi na wewe."

Walicheka, na Chelimo akashangaa kusikia kicheko chake mwenyewe.

"Na hayo mayai yako wapi?"

Chelimo alionyesha kwa kidevu. Juu kabisa ya mti wa tebeswet, mahali ambapo shina liligawanyika, ulilala mzinga wa pili. Nyuki waliingia na kutoka kama vumbi kwenye mwanga.

"Nani atapanda?"

"Nilimwomba Kipngetich, binamu ya marehemu. Alisema mgongo unamuuma. Mgongo haumuumi, anamwogopa Johana." Aliupima mti kwa macho. "Nitapanda mimi."

"Kwenu mwanamke anapanda mti wa nyuki?"

"Hapana. Kwenu je?"

"Hata kwetu hapana." Phelis alijifunga leso kiunoni upya, akakaza fundo. "Haya, basi ngoja giza liingie. Hakuna atakayekuona."

"Kwani naiba?" alisema Chelimo.

Alipanda mchana, jua likiwa limeanza kuinama, saa ambayo watu wa mtaa mzima walirudi kutoka kwenye banda la kupimia majani ya chai na vikapu vitupu. Barabara yao ilipita juu ya bonde, na kutoka pale mti ulionekana wote. Alikuwa amevaa suruali ya Kipchirchir ya kazi, ameifunga miguuni kwa kamba ili nyuki wasiingie. Kamba nyingine ilizunguka shina na mgongo wake. Kiunoni alining'iniza mwenge wa mavi makavu ya ng'ombe na maganda, unaotoa moshi bila kuwaka.

Mwanzoni alifikiri hataweza. Magome yalimchubua mapaja, na mikono iliyozoea kuchuma chai haikuzoea kubeba mwili. Alipofika katikati alitazama chini akamwona Phelis mdogo kama kuku, akafumba macho. Kisha akasikia sauti za watu barabarani. "Huyo ni nani? Ni mwanamke? Ni bibi ya Kipchirchir!" Sauti hizo zilimsukuma juu kuliko miguu yake.

Kwenye mzinga alikaa kwenye panda la mti, akapuliza moshi pole mlangoni, akangoja mpaka mvumo ubadilike. Wale wa kwanza walimpiga mdomoni na kwenye sikio. Aliuma meno. Alifungua kifuniko cha upande wa mlango, kwa sababu Kipchirchir alikuwa akisema malkia hutagia karibu na mlango, na asali huwekwa nyuma. Sega la kwanza lilikuwa na majana yaliyokwisha kufunikwa. Hayakumfaa. La pili lilikuwa la madume tu, vifuniko vimevimba kama risasi. La tatu alipoligeuza kwenye mwanga aliona kwenye kitako cha kila kitundu kipande kidogo cheupe, kama uzi uliokatwa. Mayai.

"Shuka!"

Johana alikuwa amefika chini ya mti, na nyuma yake nusu ya kijiji.

"Shuka sasa hivi! Unatutia aibu ukoo mzima!"

"Nitashuka nikimaliza."

"Mwanamke wewe, unajua unachofanya?"

"Najua kuliko wewe ulipofanya chako," alisema Chelimo kutoka juu, mdomo umevimba, maneno yakitoka mazito. "Sogea hapo chini, nyuki wanaanguka."

Johana alisogea haraka. Mtu mmoja kwenye umati aliguna, na kuguna huko kulikuwa karibu sana na kicheko.

Alikata kipande cha sega kiasi cha kiganja, akawafuta nyuki wake kwa unyoya ili wasije wakapigana na wale wa chini, akakifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, akakitia kifuani dhidi ya baridi. Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Alipogusa ardhi, Phelis alimdaka kwapani. Walipita katikati ya watu wote wale, mwanamke mwenye suruali na mwanamke mnene wa Kisii, mpaka kwenye mzinga wa kivulini. Hapo Chelimo alifungua kitambaa, akalifungia lile sega ndani ya gogo kwa nyuzi za mgomba alizoleta Phelis, likining'inia kama lilivyokuwa.

Nyuki walilijia mmoja, wawili, halafu wote. Walilifunika mpaka halikuonekana. Na kile kilio, wote wawili walikisikia, kilipungua, kikakatika.

Wazee walimwita kwenye kokwet, yaani baraza la kijiji, wakakaa kwenye majani ya uwanja wa shule. Mwenyekiti alikuwa mzee arap Mibei, aliyekuwa na masikio marefu yaliyotobolewa na sauti ndogo iliyowalazimisha watu wanyamaze. Johana aliongea kwa muda mrefu. Alitaja suruali. Alitaja mti. Alitaja kanisa, ambako yeye alikuwa mzee wa kanisa, na kwamba mambo kama haya huleta mikosi na mifarakano. Moto wake hakuutaja.

Chelimo alipopewa nafasi alisimama.

"Wazee wangu, mimi nauliza jambo moja. Aliyekwenda na shoka kwenye shamba la mtu aliyekufa aitwe nani?"

Arap Mibei alikohoa.

"Johana alikosea kutoomba ruhusa," alisema mwishowe. "Hilo tumeliona. Lakini kosa lake halifanyi la kwako kuwa zuri. Mizinga ni ya ukoo. Itasimamiwa na mwanaume wa ukoo, naye ni Johana. Wewe utabaki chini, kama mama zetu walivyobaki. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Na utafanya hivyo?"

"Hapana."

Aliisema bila kupandisha sauti, kama anayekataa kuongezwa chai. Kisha akainama kidogo kwa heshima, akageuka, akaenda zake kabla hawajafunga kikao kwa maombi. Hakuna aliyekumbuka mtu kuondoka hivyo, mwanaume au mwanamke.

Malipo yalianza mara moja. Wanawake wa kikundi chake, waliokuwa wakichumiana chai kwa zamu, hawakutokea siku yake ilipofika. Waliogopa waume zao. Kanisani benchi alilokalia lilibaki na yeye peke yake. Majani yalikomaa shambani yakawa magumu, na karani wa banda angeyakataa. Chelimo na binti yake Chebet walichuma kuanzia umande mpaka vidole vikawa vyeusi, na bado mistari haikwisha. Siku ya tatu ya hangaiko hilo alisikia kicheko ng'ambo ya mto. Phelis alikuwa anavuka na wanawake wanne kutoka kwao, kila mmoja na kikapu mgongoni.

"Sisi chai tunaijua pia," alisema. "Tuonyeshe pa kuanzia, na usitupikie ugali mdogo."

Kila jioni Chelimo alikwenda kwenye mzinga. Mapema alikuwa ameona kwamba nyuki wamefanya kazi: kwenye ukingo wa lile sega waliteua vitundu vichache, wakavirefusha kuelekea chini, vikaning'inia kama maganda ya njugu. Ndani ya kila ganda alikuwamo mtoto anayelishwa bila kunyimwa. Jioni moja alitega sikio kwenye gogo akasikia filimbi nyembamba, tii, tii, tii, na kutoka mahali pengine ndani mlio mzito ukijibu. Kipchirchir aliwahi kumwambia: malkia wa kwanza akitoka huita, na ndugu zake walio bado kwenye maganda hujibu, naye hufuata sauti zao, anawachoma mmoja mmoja kabla hawajatoka. Hukaa mmoja tu.

Lakini malkia bikira ni nusu ya kazi. Lazima aruke, akutane na madume juu angani, arudi. Asiporuka mapema uwezo wa kupandwa humpotea, na baada ya hapo atataga madume tu, mavivu yasiyochota hata tone. Na mvua ilikuwa imeamua kunyesha. Ilianza adhuhuri kila siku, na asubuhi ukungu ulikaa bondeni mpaka hakuna nyuki aliyetoka. Chelimo alisimama mlangoni pa nyumba akiitukana mbingu. Chebet alimwambia, "Mama, utasikiwa." Akajibu, "Ndivyo ninavyotaka."

Siku jua lilipojitokeza, aliacha chai, aliacha ng'ombe, akaenda kukaa mbele ya mzinga. Katikati ya mchana alimwona akitokeza, mrefu, mwekundu kidogo. Alizunguka mbele ya mlango akiisoma nyumba yake, kisha akapanda hewani akapotea. Juu ya miti walikuwako ndege walao nyuki, wa rangi ya kijani, wakidaka na kurudi kwenye tawi, wakidaka na kurudi. Chelimo aliokota mawe akawarushia mpaka bega likamchoka. Hakujua kama anasaidia. Alirusha tu.

Malkia alirudi. Alitua mlangoni akiwa na kipande cheupe kimening'inia nyuma yake, alama ya dume aliyekufa kwa ajili yake, na vibarua wakamzunguka wakamwingiza ndani. Hapo ndipo Chelimo alipokaa chini kwenye majani yenye maji akalia, kilio ambacho alidhani alikimaliza kaburini.

Mwaka uliofuata tebeswet zilichanua kupita kiasi. Mizinga yote miwili ilijaa. Ule wa mtoni, uliopasuliwa na kuungwa, ulijaa mpaka nyuki wakalala nje kama ndevu, na Chelimo alijua kwamba watagawanyika: malkia aondoke na nusu ya watu wake kutafuta nyumba mpya, na mzinga abaki nao binti yake. Alikuwa ameshatayarisha gogo jipya. Lakini hawakumngojea. Waliondoka akiwa shambani.

Walitua kwenye banda la majani, siku ya kupima, juu ya kiunzi cha mbao ambapo mizani ilining'inizwa. Alipofika na kikapu chake, Chelimo aliwakuta watu wote wamesimama mbali, barabarani. Pumba la nyuki lilining'inia kwenye boriti, kubwa kama ndama, likikumbatia mnyororo wa mizani. Majani yalikuwa yamerundikwa kwenye magunia chini yake, na yalikuwa yameanza kupata joto. Yakiendelea hivyo yangegeuka mekundu, na lori lingeyaacha. Karani, kijana mmoja wa kutoka ziwani aitwaye Amolo, alikuwa amejifungia ndani ya gari. Johana, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya banda, alishika kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa kwenye ncha ya fito.

"Ukiwawashia moto pale," alisema Chelimo, "utachoma paa, utachoma majani, na watakaobaki watakufuata mpaka Sotik."

"Usinifundishe."

"Sikufundishi. Weka hicho chini. Hao ni wangu."

"Wako kwa alama gani?"

"Wametoka kwenye mzinga uliouua wewe."

Watu walimtazama Johana. Hakuna aliyekuwa ameambiwa kwamba mzinga ule ulipona.

Chelimo alimwaga majani yake kwenye gunia, akachukua kikapu kitupu, akaelekea bandani. Johana alinyosha mkono kumzuia.

"Wazee walisema mwanamke hapandi kwa nyuki. Kiunzi kile ni kirefu. Hutapanda."

"Sawa," alisema Chelimo, akampa kikapu. "Panda wewe."

Johana alitazama kikapu. Alitazama boriti. Mzee arap Mibei, aliyekuwa ameketi juu ya gunia lake na fimbo yake, alisema kwa ile sauti ndogo, "Panda basi, Johana. Majani yanaungua."

Kwanza alicheka mwanamke mmoja, kisha wanawake wote, kisha wanaume. Johana hakupokea kikapu.

Chelimo alipanda akiwa na gauni lake la kazini na mikono isiyofunikwa, akakitundika kikapu chini ya pumba. Watu walidhani ni uchawi, lakini yeye alijua wanayoyajua wafugaji wa nyuki: pumba lililotoka nyumbani huwa limeshiba. Kila mmoja amebeba asali tumboni ya safari, na hawana watoto wala ghala la kulinda, kwa hiyo hawana ugomvi na mtu. Juu ya pumba aliwaona watafutaji wa nyumba wakicheza ngoma yao, wakitikisa matako na kukata duara, kila mmoja akiwashawishi wenzake waende upande wake. Aliingiza mikono miwili mpaka kwenye kiwiko. Ilikuwa kama kuingiza mikono kwenye nafaka yenye uhai, yenye joto. Akaikaza, akatikisa mara moja, na rundo zima likaanguka kikapuni kwa sauti laini. Alijua malkia yumo, kwa sababu waliobaki hewani walianza kushuka wenyewe, wakijipanga kwenye ukingo, migongo juu, wakipepea mabawa kuwaita wengine.

Alifunika kikapu kwa gunia, akashuka, akakitwika kichwani.

"Pimeni majani yenu," alisema.

Alipita mbele ya Johana, na Johana akarudi hatua moja nyuma. Njia nzima mpaka nyumbani nyuki wachache walimfuata wakimzunguka kama watoto wanaomsindikiza mgeni.

Johana hakubadilika. Mtu asidhani walipatana. Mpaka leo hii ninapoyasimulia, anapita barabara ya juu ili asisalimiane na Chelimo. Aliwatafuta watu wa shoka, wa hapo na wa mbali, akawaahidi ujira mzuri, lakini kila aliyeambiwa ni miti ya nani alikumbuka kazi nyingine nyumbani. Ukanda wa mtoni ulibaki. Kokwet haikumwita tena, wala haikufuta hukumu yake, kwa hiyo kwa sheria ya kijiji Chelimo bado alikuwa amekatazwa kupanda, naye alipanda kila msimu.

Wanawake wa kikundi walirudi mmoja mmoja, bila kuomba msamaha, kila mmoja na kikapu chake. Aliwapokea. Chai haingoji moyo wa mtu upoe.

Pumba lililofuata alimpa Phelis. Mumewe Phelis, Nyang'au, mtu mpole mwenye koti la mvua, alikuja kubeba gogo. Alilitwika kichwani akiwa amekunja uso, nyuki wakivuma ndani, akatembea hivyo mpaka Chepilat na mke wake akimfuata nyuma na kumwelekeza asijikwae. Walilipandisha kwenye mti ulio nyuma ya jiko lao. Yaani Phelis ndiye aliyelipandisha, mnene hivyohivyo, Chelimo akimsukuma kutoka chini kwa bega.

Mama mkwe wa Phelis alitoka nje aliposikia matawi yakivunjika. Alisimama, akajishika mdomo, akaita kwa Kikisii majirani wote waje waone.

"Anasema nini?" aliuliza Chelimo.

"Anasema nishuke," alijibu Phelis kutoka juu, pumzi ikimkatika, "na wewe usije tena hapa."

"Na utamjibu nini?"

Phelis aliulaza mzinga vizuri kwenye panda la mti, akaufunga kamba, akajaribu kama umekaza. Kisha akamgeukia mama mkwe wake na majirani wote waliokusanyika, akacheka kicheko chake kile.

"Mama," alisema, "leteni chai huku nje. Nitakaa kidogo."